Simu, Ukame na Nyumba Zetu

(Haya ni maneno yaliyozungumzwa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia waliokutana Garbatulla, pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, ili wanachama ambao hawakufika wapate kuyasoma katika mikutano yao.)



Mwenyekiti alipoambiwa kwamba leo tutazungumza juu ya simu katika ndoa, aliniuliza kama habari za mbuzi na maji zimekwisha. Hazijakwisha, mzee. Lakini katika kuzunguka kwenye vikundi tumeona jambo moja. Kikundi kinaweza kuwa na mbuzi wazuri na kitabu cha hesabu kilichoandikwa safi, halafu kivunjike kwa sababu nyumba tatu nne za wanachama zimevunjika. Mama aliyegombana usiku haji kwenye mkutano asubuhi. Na ukiuliza ugomvi ulianzia wapi, siku hizi jibu ni fupi: "Ni simu."

Mimi sikubali kwamba ni simu peke yake. Simu ilikuwepo hata wakati wa maziwa mengi, na watu hawakuachana kwa ajili yake. Ninavyoona mimi, shida ikiingia nyumbani mtu hutafuta mahali pa kujificha, na siku hizi mahali pa kujificha pako mfukoni. Kioo cha simu hakimuulizi mtu watoto watakula nini. Hakimwangalii kwa macho ya huruma. Ndiyo maana wakati wa ukame mtu hukaa nacho saa nyingi kuliko wakati mwingine wowote, na wakati huo huo ndipo mwenzake anamhitaji zaidi.

Hebu tukumbuke tulikotoka. Mwisho wa Desemba 2019 nzige waliingia Kenya, na mwanzo wa 2020 walikula malisho ya Isiolo tukiwaangalia. Machi 2020 ikaja korona. Masoko mengi ya mifugo yakafungwa, na tukaambiwa tuwe ndani kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Kisha hagaya ya 2020 haikunyesha vizuri. Ganna ya 2021 hivyo hivyo. Hagaya ya 2021, ganna ya 2022, hagaya ya 2022: misimu mitano mfululizo. Septemba 2021 Serikali ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2, na hakuna haja ya mimi kuwaambia watu wa Garbatulla, Kinna na Sericho mizoga ilikuwa wapi. Mwisho wa 2023 mvua ya El Niño ikaja na mafuriko, kana kwamba tulikuwa na deni.

Nyumba zetu zilipita katika hayo yote, na simu ikapita nazo. Kuna nyumba ambazo simu iliziokoa. Nitaanza na hizo, kwa sababu sitaki mtu aende nyumbani akasema kanisa limekataza simu.

Nyinyi mnajua vile familia ya mfugaji hugawanyika. Ng'ombe wa maziwa wachache hubaki karibu na boma, na kundi lingine huenda fora, mbali, pamoja na wanaume na vijana. Ukame ukizidi fora inaenda mbali zaidi, na inakaa miezi. Zamani habari zilikuja kwa mdomo, kwa dereva wa lori, au kwa salamu za redio. Mke alikaa miezi mitatu bila kusikia neno, na alivumilia kwa sababu kila mke alikuwa hivyo. Hakuna aliyetarajia kusikia kitu. Leo anatarajia. Ana simu mkononi, anajua mumewe ana simu, na anapopiga anajibiwa na yule dada anayesema mteja hapatikani. Jameni, yule dada amegombanisha watu wengi! Mama anapiga mara kumi, anaanza kuwaza. Kwa nini amezima? Yuko wapi? Yuko na nani? Na kule fora bwana hana habari. Hakuna mtandao, betri imekufa tangu juzi, na kibao cha sola kimevunjwa na ndama.

Kuna familia moja, wamenipa ruhusa nizungumze juu yao bila majina. Bwana alipoondoka na ng'ombe katika 2021 walikaa kwanza wakapatana. Walisema hivi: siku ya Ijumaa, baada ya sala, bwana atapanda kilima ambacho mtandao unafika. Siku nyingine zote ukimya si kitu, mtu asihesabu. Simu izimwe kabisa kati ya Ijumaa na Ijumaa ili betri idumu. Bibi kwa upande wake alikuwa akirekodi ujumbe wa sauti kila jioni akimaliza kazi. Hajui kuandika, na sauti haihitaji kuandika. Alisema habari zote kwa Kiborana chake: mtoto ameota jino, kisima kimepungua, mjomba amekuja, leo tumekula mara moja. Bwana akifika kilimani Ijumaa jumbe zote zinaingia pamoja, anakaa juu ya jiwe anasikiliza moja moja. Aliniambia kwamba wale vijana aliokuwa nao walimcheka. Halafu kufikia mwezi wa pili walianza kupanda naye kilima, kila mmoja na simu yake.

Angalieni walichofanya hawa wawili. Hawakuongeza muda wa simu, waliupunguza. Lakini walipatana kabla ya safari. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza kwa wenye fora: kabla mifugo haijatoka, semeni ni siku gani, saa gani, na ni mahali gani. Pia semeni nani apigiwe kama kuna ugonjwa katikati ya wiki.

Na wale wanaotumia WhatsApp wajue maana ya alama, maana nimeona ndoa ikitingishika kwa tiki. Tiki moja maana yake ujumbe umetoka kwako lakini haujafika kwake. Simu yake imezimwa au haina mtandao. Hajakudharau. Tiki mbili za kijivu, umefika kwenye simu yake. Zikiwa za buluu, ameufungua. Hata ameufungua haimaanishi ameweza kujibu, huenda yuko kisimani na zamu ya maji ni yake. Tena mtu anaweza kuziondoa hizo za buluu kabisa katika simu yake. Kwa hiyo msihukumu mtu kwa rangi.

Sasa nije kwenye upande mgumu zaidi, yaani wale ambao hawako mbali. Wako nyumba moja, mkeka mmoja, na hawasemezani.

Niwape kisa kingine, na hiki pia nimeruhusiwa. Bwana mmoja alikuwa na ng'ombe, si wengi sana, lakini walimfanya aitwe mzee mwenye mji. Kufikia mwisho wa 2022 walikwisha. Alirudi nyumbani na fimbo na simu. Watu walimpa pole siku mbili tatu, kisha kila mtu akarudi kwa shida zake. Huyu bwana akawa analala mchana. Usiku, bibi akigeuka, anaona uso wa mumewe una mwanga wa simu. Saa sita usiku, saa nane, yuko macho, ameangalia kioo, sauti ameizima. Akiulizwa anasema, "Hakuna kitu," anageuza simu kifudifudi.

Wewe ungefikiri nini? Bibi alifikiri vile kila mmoja wetu angefikiri. Alivumilia wiki kadhaa. Siku moja bwana amelala mchana, bibi akachukua simu, akaenda nayo kwa kijana mmoja anayetengeneza simu, akamwambia amfungulie aone huyo mwanamke. Kijana akafungua. Hakukuwa na mwanamke. Ilikuwa ni video za ng'ombe. Ng'ombe wake mwenyewe, alizozichukua kabla ya ukame, wakinywa maji, wakirudi jioni na vumbi. Usiku kucha alikuwa akiangalia ng'ombe waliokufa.

Mama huyu aliniambia alikaa chini pale pale dukani akalia.

Na hapa niseme ukweli, hata kama anasikia. Kumpelekea kijana wa dukani simu ya mumewe kulikuwa kosa. Mpaka jioni nusu ya soko walijua. Bwana alipopata habari alikasirika sana, si kwa sababu ameonekana mbaya, ila kwa sababu ameonekana analia. Wazee walikaa mara mbili. Lakini kabla ya hasira hiyo, usiku ule ule, bibi alifanya jambo moja zuri. Alimuuliza juu ya ng'ombe mmoja, yule mweupe aliyekuwa akikataa kukamuliwa na mtu mwingine isipokuwa yeye. Hakusema ameona video, aliuliza tu. Na yule bwana alizungumza mpaka alfajiri.

Bado hawana ng'ombe. Bwana bado anashika simu usiku mara nyingine. Ila sasa wakati mwingine wanaangalia wote wawili.

Nimeirudia habari hii katika vikundi vitatu, na kila mahali kuna mwanamume ambaye hunifuata nje baadaye, anasimama karibu na pikipiki kwa muda bila kusema kitu. Sisi wanaume tumefundishwa kwamba mifugo ikifa usilie. Sawa. Lakini huzuni haipotei kwa kutazama kioo, inangoja tu. Nabii Ayubu, ambaye Wakristo na Waislamu wote tunamjua, Biblia inasema alikuwa na kondoo 7000 na ngamia 3000, na alivipoteza vyote siku moja. Rafiki zake walipokuja walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Baadaye walipofungua midomo waliharibu kila kitu, lakini zile siku saba walifanya vizuri. Mimi hujiuliza, kama rafiki zake wangekuwa na simu, wangekaa siku ngapi?

Msifikiri nawasema nyinyi tu. Katika 2020, wakati wa korona, mimi nilikuwa ndani jioni zote kama nyinyi. Nilikuwa nikisoma habari za wagonjwa na waliokufa, za Italia, za Marekani, za Nairobi, kila saa, nikidhani nailinda familia kwa kujua. Mke wangu akaniambia, "Siku hizi mimi naujua utosi wako tu." Nilikasirika. Kisha nikajiona: nimeinama juu ya simu, chai imepoa, na mtoto ameniambia kitu mara mbili. Habari zile nilizosoma hazikunisaidia kununua hata kilo moja ya unga.

Watafiti wamelichunguza jambo hili. Wawili wa chuo kikuu kimoja huko Texas, Marekani, James Roberts na Meredith David, walichapisha kazi yao katika 2016. Katika watu wazima 145 waliowauliza, karibu nusu walisema wenzao huwapuuza kwa ajili ya simu, na zaidi ya mmoja kati ya watano walisema jambo hilo limeleta ugomvi. Hao ni watu ambao mvua yao inanyesha na duka liko karibu. Sidhani walioulizwa walikuwa wakingoja hagaya. Lakini naona ugonjwa ni ule ule, na kwetu unakuta mwili umeshadhoofika.

Kuna jambo la usingizi pia. Mwanga wa kioo usiku huuambia mwili kwamba bado ni mchana, na usingizi unachelewa. Ongeza na miraa inayotoka Maua, wale wanaohusika wanajijua, basi mtu analala saa kumi za usiku na kuamka na hasira. Mtu asiyelala hugombana kwa sababu ya chumvi.

Pesa. Hapa nitasema kidogo kwa sababu tutakuwa na siku yake. Shilingi 20 za bando leo na 20 kesho ni 600 kwa mwezi, na chai nyumbani ni strungi. Hilo linaonekana. Lisiloonekana ni mikopo ya simu. Bwana amekopa huku, bibi amekopa kule, kila mmoja anamficha mwenzake, na wote wawili wanakatwa pesa ikiingia. Nimeona nyumba ambayo mume na mke walikuwa wakikopa kwa siri ili kulipa karo ya mtoto yule yule. Na michezo ya kubashiri, hiyo siisemei sana, imamu na mchungaji wameshasema. Nitaongeza tu kwamba anayecheza wakati wa njaa si mchoyo. Ameogopa. Msemeshe kama mtu aliyeogopa, atakusikia zaidi kuliko ukimwita mwizi.

Halafu kuna pesa za msaada. Katika ukame mashirika hutuma pesa kwa simu, na mara nyingi huandikisha jina la mama. Ni jambo jema. Lakini simu inalia usiku, mama anasoma ujumbe anatabasamu, bwana aliyepoteza ng'ombe wote amekaa pale hajui kilichoandikwa. Mama, msomee. Usingoje aulize. Nambari ya siri ya M-Pesa ni yako, usimpe mtu, hata kampuni yenyewe inakataza. Lakini kiasi cha pesa si nambari ya siri. Na wewe bwana, ukisomewa ujumbe huo, usinyooshe mkono. Sema asante. Pesa hiyo imekuja kwa ajili ya watoto.

Sasa sisi vikundi tuna lawama yetu. Vikundi vingi vina kundi la WhatsApp. Mwenyekiti anatuma ujumbe saa tatu usiku, katibu anajibu, mweka hazina anauliza nani hajalipa mzunguko, na wengine kumi na tano wanatuma mikono ya kupiga makofi. Saa nne usiku simu ya mama bado inalia, na bwana anauliza, "Hiki ni kikundi gani kisicholala?" Ana haki ya kuuliza. Kikundi kimoja cha kina mama tunachokijua kimekubaliana kwamba baada ya sala ya isha hakuna ujumbe wa kikundi isipokuwa wa ugonjwa au kifo. Anayevunja anatoa shilingi 10. Walianza kwa mzaha, lakini wamenunua sufuria mbili za kikundi kwa faini hizo, na mwenyekiti ndiye aliyechangia zaidi.

Nyumbani nako mtu anaweza kuweka mahali pa simu. Isiwe sheria ya mume juu ya mke peke yake. Nimesikia bwana mmoja akisema amemkataza bibi simu jioni, na yeye mwenyewe alikuwa ameshika mbili. Wekeni kikapu kimoja karibu na mlango. Wakati wa kula, chakula kiwe kingi au kidogo, simu zote ziko mle. Hasa kikiwa kidogo. Watu wakila kidogo wakiwa wanaangaliana, wanajua wamekula pamoja.

Kwa vijana neno moja kabla ya maswali. Kuna wanaotumiana picha za mwili wakiwa mbali, mchumba mjini Isiolo au Nairobi. Simu huibiwa, na uchumba huvunjika. Ikifika hapo, anayesambaza picha ya namna hiyo anavunja sheria ya mwaka 2018 juu ya makosa ya kompyuta, na anaweza kutozwa faini hadi shilingi 200,000, au kufungwa hadi miaka miwili, au vyote viwili. Msitume. Na ukitumiwa ya mtu, usiipitishe.

MASWALI

Mama mmoja aliuliza: Bwana yangu anataka kukagua simu yangu kila jioni. Nikikataa, ananipiga. Nifanye nini?

Jibu: Mama, hapo hatuzungumzi tena juu ya simu. Kupiga ni kupiga. Tangu 2015 Kenya ina sheria ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili nyumbani, na inakuhusu wewe kama inavyomhusu mama wa Nairobi. Iko nambari 1195, hulipi kitu, unaweza kupiga saa yoyote. Wako wazee, yuko chifu, na baada ya mkutano huu dada yetu wa ofisi ya maendeleo atabaki hapa kwa ajili ya kuzungumza faraghani na anayetaka. Nawaomba wazee waliopo wasiseme kwamba ni mambo ya nyumba.

Juu ya kukagua: mume na mke wanaoaminiana wanaweza kuachiana simu bila shida. Lakini kukagua hakuleti imani. Ukimkagua leo usipate kitu, kesho utasema amefuta.

Mzee mmoja aliuliza: Kwa nini tusiwakataze wake wadogo simu kubwa, wabaki na kabambe tu? Zamani tuliishi bila hizi.

Jibu: Mzee wangu, kwa heshima. Zamani pia tuliishi bila kujua bei ya mbuzi sokoni mpaka umefika na mbuzi. Leo huyo mke mdogo ndiye anayekuambia kwamba bei imeshuka, ngoja wiki moja. Na simu ya kubonyeza haijazuia mtu. Mambo mabaya yanapita hata kwenye kabambe. Mimi nakubaliana nawe juu ya jambo moja: kuna watu ambao simu ndogo imewasaidia kulala. Wajichagulie wenyewe basi, wanaume na wanawake. Kama wewe mzee utaanza, mimi nitakufuata. (Hapa watu walicheka, na mzee akatoa simu yake ya kabambe mfukoni akaionyesha. Kwa hiyo ni zamu yangu.)

Swali la mwisho lilitoka kwa bwana mmoja aliyekaa karibu na mlango: Mke wangu yuko Saudi Arabia, anafanya kazi za nyumba. Alikwenda baada ya mifugo kuisha. Sisi tunaonana kwa kioo tu. Wewe unasema tuweke simu chini. Mimi nikiweka chini, nina mke gani?

Nilinyamaza kidogo, kwa sababu ni kweli sikumfikiria yeye nilipokuwa nikitayarisha maneno haya. Nikamwambia kwamba kwake yeye kioo ndiyo nyumba yao, na nyumba lazima mtu aingie kwa adabu. Saa ya Riyadh na saa ya Nairobi ni moja, kwa hiyo akipiga saa tano usiku ujue kwake pia ni saa tano, amesimama tangu alfajiri, na pengine hiyo ndiyo saa pekee anayoruhusiwa kushika simu. Usimpokee ukiwa sokoni kati ya watu. Nenda mahali ambapo atakuona vizuri na atawaona watoto. Na kama mtandao ni mbaya, zima picha ubaki na sauti, maana picha inayokatika katika inachosha kuliko kutoonana.

Nikamuuliza, akipiga, maneno ya kwanza huwa ni nini? Akafikiri. Akasema, "Huwa namwambia karo imebaki kiasi gani."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mzee, wa upande wa kina mama, akasema bila kusimama: "Muulize amekula nini leo." Bwana yule akasema atampigia Ijumaa. Tukaishia hapo kwa sababu wakati wa sala ya alasiri ulikuwa umefika, na gari la watu wa Sericho lilikuwa limeanza kupiga honi.